Sikuomba Kuwa Wakili wa Mungu

Niseme mapema, lawama zisije zikanifuata nyumbani: mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kulinganisha risiti na fedha, na zikikataa kulingana, kumtafuta aliyekula. Sijasomea theolojia, sijawahi kupanda mimbarini, na kwaya ya usharika wetu kule Moshi ilinistaafisha kwa adabu, wakasema sauti yangu inafaa zaidi kupanga viti. Lakini tangu nihamie Qurum, hapa Maskati, nimebebeshwa kazi ya kumtetea Mwenyezi Mungu mbele ya mtu asiyemwamini. Kazi yenyewe haina mshahara, haina likizo, na kila Ijumaa inakaguliwa.

Mkosaji wa kwanza ni ofisi. Walipokuwa wakigawa nyumba, walituweka pamoja mimi na Mkenya mmoja wa Nakuru kwa hoja kwamba sote ni Waafrika na sote tunakula ugali. Huyo Mkenya tunamwita Injinia. Sina kubwa la kumlaumu. Sehemu yake ya umeme hulipa kabla ya tarehe, sufuria huosha bila kukumbushwa, na chapati zake zinashinda za mke wangu, jambo ambalo naomba lisisomwe kwa sauti huko Moshi. Ana kasoro mbili tu: haamini kama kuna Mungu, na halali mapema.

Kasoro hizo zikikutana, anayeumia ni mimi. Ikifika saa nne usiku, watu wa Qurum wenye akili zao wamesharudi kutoka matembezi ya ufukweni, wamefunga madirisha na kuwasha viyoyozi. Injinia ndiyo kwanza anachemsha maziwa. Anatia majani na hiliki, anavuta kiti kilichovunjika egemeo, anauliza: "Sasa ndugu yangu, hebu niambie. Unajuaje?"

Hasemi najuaje nini. Sote wawili tunajua.

Msomaji wa Dar es Salaam atashauri nimpeleke uwanjani, vifungwe vipaza sauti, mhadhara uanze. Bwana wee, hapa si viwanja vya Jangwani. Oman inawaruhusu Wakristo kuabudu, na Sultani Qaboos, Mungu amrehemu, alitoa ardhi ya makanisa; kwa upande wetu wa Maskati yako Ruwi na Ghala. Ibada kubwa huwa Ijumaa, kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi na meneja hana habari na Siku ya Bwana ya mtu yeyote. Lakini ukishatoka nje ya uzio wa kanisa, kuhubiria watu ni marufuku, na kukashifu dini ni kosa la jinai. Kwa hiyo Injinia hawezi kupiga kelele kwamba Mungu hayupo, wala mimi siwezi kupiga kelele kwamba yupo. Tunabishana kwa kunong'ona. Sidhani kama tangu mtume Paulo asimame Areopago kule Athene imani imewahi kutetewa kwa sauti ya chini namna hii, tena na mtu anayepiga miayo.

Mkosaji wa pili ni kanisa. Kundi letu la Waafrika Mashariki hukutana baada ya ibada, tukala pilau na kuulizana habari za nyumbani. Sijui nani alizifikisha pale habari za Injinia, lakini Ijumaa moja Mzee wa Kanisa, fundi magari kutoka Iringa, alinishika bega akasema, "Mwanangu, Mungu amekuweka katika nyumba ile kwa makusudi." Nikamwambia aliyeniweka ni ofisi. Akacheka, akafungua mkoba, akanipa kijitabu cha majibu kilichotolewa nakala juu ya nakala hadi herufi zimefifia. Akanikumbusha kwamba mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, aliwaagiza waumini wawe tayari sikuzote kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao. Tangu siku hiyo, kabla hajanisalimu, huniuliza: "Vipi, ameshaokoka?"

Basi nikakifungua kijitabu.

Hoja ya kwanza ni ya saa. Mwaka 1802 kasisi wa Kiingereza, William Paley, aliandika kwamba ukiikuta saa porini hutasema imelala hapo tangu milele kama jiwe. Utajua ina fundi. Na ulimwengu, wenye macho, mabawa na majira, umeundwa kwa ustadi kuizidi saa yoyote. Niliipenda hoja hii kwa sababu kifaa ninacho mkononi. Nikaivua saa yangu nikaiweka mezani kati ya vikombe. Injinia akaiokota, akaisikiliza, akaitikisa. Saa yenyewe niliinunua soko la Matrah kwa bei ya kuonewa huruma. Imeandikwa jina la Kiswisi lenye herufi moja iliyokosewa, na kila wiki huchelewa.

"Kama saa inathibitisha fundi," akasema, "hii yako inathibitisha fundi wa namna gani?"

Nikaivaa. Baadaye nikasoma kwamba David Hume, Mskoti, alikuwa ameshauliza hilohilo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1779, mwenyewe akiwa ameshalala kaburini miaka mitatu: kwamba kwa kuutazama ulimwengu peke yake, mtu anaweza pia kudhani ni kazi ya mungu mchanga aliyekuwa bado anajifunza. Yaani hoja ilijibiwa miaka 23 kabla Paley hajaitoa, na kijitabu hakisemi neno. Mhasibu akificha deni la namna hiyo kwenye vitabu anafukuzwa kazi.

Hoja ya pili ni ya Anselm, mtawa wa karne ya 11 ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Yeye hakuhitaji saa. Alisema Mungu ni yule ambaye haiwezekani kumfikiria aliye mkuu kumzidi. Sasa, aliyepo kweli ni mkuu kuliko aliyemo kichwani tu. Kwa hiyo huyo mkuu wa wote lazima awepo kweli, la sivyo angekuwa na wa kumzidi. Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo saa tano usiku, akiwa na kikao cha ukaguzi asubuhi, ndipo anionee huruma.

Injinia alifikiri kidogo. "Sawa. Na mimi namfikiria mwenye nyumba ambaye haiwezekani kumfikiria aliye mwema kumzidi. Ukimpigia simu asubuhi, jioni fundi wa kiyoyozi yuko mlangoni. Kwa hoja yako lazima awepo. Mpigie."

Kiyoyozi chetu cha sebuleni kinatoa maji na upepo wa moto tangu Aprili. Sikupiga simu. Nilipopekua nikagundua kwamba Anselm alitaniwa hivyohivyo akiwa hai na mtawa Mfaransa aitwaye Gaunilo, ila Gaunilo alitumia kisiwa kikamilifu badala ya mwenye nyumba, kwa kuwa watawa hawalipi kodi ya pango.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoitegemea, maana ni ya hesabu. Blaise Pascal, Mfaransa bingwa wa hisabati, aliiacha katika karatasi zilizochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake. Ukimwamini Mungu na yupo, umepata kila kitu. Ukimwamini na hayupo, ulichopoteza ni kidogo. Usipomwamini na yupo, umekwisha. Nikachora jedwali la faida na hasara, nikalipigia mistari kwa rula, nikamsogezea.

"Huo ni mkeka," akasema Injinia.

Nikamwambia ni falsafa. Akasema mdogo wake pale Nakuru alikuwa na falsafa hiyohiyo juu ya ligi ya Uingereza: weka kidogo, vuna kikubwa, utapoteza nini? Sasa hana pikipiki. Halafu akauliza mkeka wenyewe tunauweka timu ipi, kwa sababu Maskati ina misikiti kila mtaa, ina makanisa Ruwi, na kule Maskati ya kale lipo hekalu la Wahindu la miaka mingi. "Nikiweka kwako na akawepo wa wale wengine, hasara yangu utaijaza kwenye kisanduku gani?" Nikakunja jedwali. Kwanza sikuwa na kisanduku cha kumjibia. Pili kamari ni marufuku Oman, na sikutaka Pascal akamatiwe jikoni kwetu.

Mzee wa Kanisa aliposikia hivyo akasema tuache vitabu, nimpeleke mwenzangu akaone uumbaji, Mungu ajitetee mwenyewe. Basi Alhamisi jioni tukashuka ufukweni. Msomaji asiyeijua Qurum ajue kwamba jioni pale ni pazuri kweli: vijana wanacheza mpira kwenye mchanga uliofunuliwa na maji kupwa, familia zimetandika mikeka, mawe ya Ras al-Hamra yanageuka rangi upande mmoja, na upande wa pili iko hifadhi ya mikoko, kijani kibichi katika mji usio na kijani cha bure. Nikanyoosha mkono kwenye mikoko nikasema, "Tazama!" Akatazama. Akasema ni pazuri sana. Nikangoja. Akasema, "Aliyeiotesha tutabishana usiku. Aliyeizuia isikatwe namjua: ni serikali, imeifanya hifadhi tangu 1975." Kisha akaninunulia chai ya karak, mbu wakatuuma bila kujali itikadi, tukarudi. Unyevu wa hewa ulikuwa wa kulowesha shati, na mimi nikabaki najiuliza kwa nini uumbaji huu wa kuthibitishia Mungu haukupangwa mwezi wa Januari.

Hapo akaingia mtu wa tatu. Jirani yetu wa chini ni Maalim, mwalimu mstaafu wa hisabati, mzaliwa wa Malindi ya Unguja. Alikuja Oman miaka ya 1970 pamoja na wengi waliorudi kwa wazee wao baada ya Qaboos kushika nchi. Kiswahili chake kinatutia haya sisi wawili tuliokitoa Moshi na Nakuru. Kumbe dirisha la jikoni letu linafungukia baraza lake, na kunong'ona kwetu kote ilikuwa kazi bure. Alikuwa akitusikia tangu hoja ya saa.

"Njooni huku, nyie mawakili," akatuita usiku mmoja. "Mnaninyima usingizi, basi angalau nami nichangie."

Tukamwamkia shikamoo, akatuwekea kahawa na tende, akataka nianze. Nikampa hoja ambayo Mzee wa Kanisa aliipigia mstari mwekundu. Ni ya C. S. Lewis, mwandishi aliyewahi kuwa mkana Mungu kabla ya kuongoka, naye aliitoa redioni BBC wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alisema mtu aliyeyanena aliyonena Yesu hawezi kuitwa mwalimu mwema tu ukaishia hapo: ama alikuwa mwongo, ama mwendawazimu, ama kweli ni Bwana. Chagua moja.

Injinia alifungua mdomo, Maalim akamtangulia. "Na ya nne?"

"Ya nne ipi, Maalim?"

"Nabii. Isa bin Maryamu, alayhi salaam. Hakusema uwongo, hakuwa na wazimu, na hayo mengine mlimzushia nyie baadaye." Akanisukumia sahani ya tende nipoe.

Sasa huo ndio ugumu ninaowaeleza wenzangu kila Ijumaa hawanielewi. Lewis alikuwa akizungumza na Waingereza, ambao jibu hilo halingewajia. Hakuwa na jirani wa Kiunguja. Hoja ina anwani, na ukiipeleka kwenye anwani nyingine inarudi imefunguliwa.

Sikukata tamaa. Nikatoa ya mwisho, ile ambayo kijitabu kinaiita ngome: kila kilichoanza kuwapo kina kilichokianzisha, ulimwengu ulianza kuwapo, kwa hiyo ulimwengu una aliyeuanzisha. Nikasema hii ni ya msomi mkubwa wa Kimarekani, William Lane Craig.

Maalim alicheka hadi akashika kifua. "Mmarekani? Hiyo ya Imamu Ghazali, mwanangu!"

Na ni kweli. Craig mwenyewe hakuficha. Kitabu chake cha mwaka 1979 kinabeba jina la Kalam, elimu ya Waislamu ya kujadili itikadi kwa hoja, na Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anapewa haki yake mle ndani. Anayeficha ni kijitabu. Kwa hiyo Mlutheri wa Moshi alikuwa amekaa Uarabuni akimtetea Mungu kwa silaha ya Mwislamu iliyopitia Marekani, na mwenyeji akaitambua ni mali ya nyumbani kwao.

Nilidhani angalau sasa Injinia kabanwa pande mbili. Msikiti na kanisa wakikubaliana jambo, mtu atapita wapi? Akatafuna tende yake, akatema kokwa kiganjani kwa heshima, akasema, "Haya, nimekubali, mwanzilishi yupo. Sasa anataka Ijumaa niende na Maalim, au niende na wewe? Maana wote mnaondoka siku hiyohiyo."

Maalim alinitazama, mimi nikamtazama Maalim. Ghazali hakutusaidia.

Juu ya yote hayo kuna grupu letu la WhatsApp la kanisani. Kiongozi wake asiye rasmi ni Dada wa Kwaya, Mkenya, mpole ana kwa ana na mkali simuni. Mwaka 2016 Kenya ilisajili chama cha wakana Mungu, na mwaka 2021 chama hicho kikatangaza kwamba katibu wake amejiuzulu kwa kuwa amempata Yesu Kristo. Taifa zima lilicheka, na sisi tulicheka. Lakini Dada wa Kwaya huirusha habari hiyo upya kila baada ya miezi michache, yenye milio ya tarumbeta, na kuniagiza nimsomee mwenzangu. Nikamsomea. Injinia akaniuliza kama najua kwamba sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliandika watu 755,750 wasio na dini au wasioamini Mungu.

"Toa mmoja," akasema. "Mhasibu, wanabaki wangapi?"

Nikamjibu 755,749, kwa sababu kazi ni kazi.

Dada wa Kwaya akabadili mbinu. Mwafrika, akaandika kwa herufi kubwa, hawezi kukana Mungu. Huo ni ugonjwa wa kuletewa. Akamtaja John Mbiti, mwana wa Kitui, kasisi na profesa wa Makerere, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilieleza kwamba kwetu dini imeenea katika kila pembe ya maisha, hata haitenganishwi na kulima wala kuoa. Nilipompelekea Injinia hayo, aliingia chumbani akatoka na Okot p'Bitek. Mshairi huyo wa Uganda, aliyesomea anthropolojia ya jamii Oxford, aliwajia juu wasomi wa mkondo wa Mbiti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliwashutumu kwamba wameichukua miungu ya mababu wakaivika kanzu ya Kiyunani, ikapewa sifa za kujua yote na kuweza yote, ili ifanane na Mungu wa mmisionari. Basi Mkamba na Mwacholi wakapigana jikoni kwetu Qurum hadi saa saba, na mimi asubuhi nikasinzia mbele ya mkaguzi.

Maalim, akiona nimechoka, aliniambia kisa ambacho wenzangu wa kanisani hawakijui ingawa ni cha kwao. Kuna askofu amezikwa hapa Maskati. Anaitwa Thomas Valpy French. Mwaka 1854, akiwa kijana, alikaa upande wa mmisionari Karl Pfander katika mjadala mkubwa wa Agra, India, dhidi ya mwanachuoni Rahmatullah Kairanawi. Baadaye French akawa askofu wa kwanza wa Lahore. Baada ya kustaafu, akiwa mzee wa miaka 66, akaja Maskati Februari 1891 kuhubiri. Ilipofika Mei joto likammaliza. Huku nyuma Rahmatullah alikuwa ameshaandika kitabu kikubwa cha kuwajibu Wakristo, Izhar ul-Haqq. Kitabu hicho kilikuja kumwangukia mikononi Ahmed Deedat wa Afrika Kusini. Na kanda za Deedat ndizo zilizowapa moto wahadhiri wa viwanja vya Tanzania miaka ya 1980, wakaibuka na wahubiri wa Kikristo wa kuwajibu wahadhiri. Mjadala wa Agra ulichukua siku mbili. Hesabu yake haijafungwa mpaka leo.

"Na baada ya askofu?" nikauliza.

Baada ya askofu, akasema, mwaka 1893 alikuja Mmarekani, Peter Zwemer. Mwaka 1896 akapokea watoto wa Kiafrika 18 waliookolewa kutoka jahazi la watumwa, akawalisha na kuwafunza kazi. Yeye naye akafariki mwaka 1898. Waliomfuata wakafungua hospitali Matrah. "Nenda Matrah ukaulize wazee," akasema Maalim. "Hoja ya Wamarekani hata moja hawaikumbuki. Dawa zao wanazikumbuka."

Nilitaka kulala na maneno hayo, lakini usiku huo Injinia hakuuliza najuaje. Alikaa kwenye kiti chake kibovu akaeleza mambo ambayo kwa miezi yote ya kubishana hakuna aliyemwuliza. Baba yake alikuwa na kisukari. Mhubiri mmoja alimwekea mikono, akamtangazia uponyaji, na kumwambia kuendelea na dawa ni kukosa imani. Mama akauza kiploti "kupanda mbegu" ya shukrani. Baba akafa kabla ya mvua za masika. Mhubiri hakuja mazishini. Alituma ujumbe kwamba familia ilikuwa na mashaka. Halafu mwaka 2023 ikafukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu, wakiwamo watoto wasiojua walichofungia. "Mimi," akasema, "sikuanzia kwenye nyota. Nilianzia kwenye jeneza."

Nilikwenda chumbani nikapekua kijitabu tangu jalada hadi jalada. Kuna sura ya nyota, kuna sura ya chembe hai, kuna sura nzima ya jicho la binadamu. Baba yake Injinia hayumo.

Hapo ndipo manung'uniko yangu yalipopata anwani. Siwalaumu wakongwe. Thomas Aquinas, kabla ya kuandika njia zake tano za kuonyesha kuwa Mungu yupo, aliweka kwanza hoja ya mpinzani, na ya kwanza kabisa ni hiyo ya uovu: kama Mungu mwema asiye na mpaka yupo, uovu unatoka wapi? Aliiandika wazi, bila kuipunguza makali. Anselm alipotaniwa na Gaunilo hakumtoa kwenye grupu. Aliagiza maandishi ya mpinzani wake yanakiliwe pamoja na kitabu chake, jibu likifuata. Na Petro yule tunayeambiwa alituagiza kujibu, katika pumzi hiyohiyo alisema tumjibu anayeuliza, tena kwa upole na heshima. Sisi tumerithi majibu yao, adabu tumewaachia makaburini. Tunakwenda kwa mtu tukiwa na majibu kumi, swali lake hatujalisikia.

Najua Dada wa Kwaya ataandika kwamba si kila asiyeamini ameumizwa. Ni kweli. Wapo waliokaa wakafikiri kwa utulivu wakafika walikofika, bila jeneza na bila mhubiri. Kumwambia mtu huyo kwamba ana kidonda ni utovu wa nidhamu sawa na kumrushia video. Huyo abishaniwe kwa hoja, na hoja ina kazi yake. Mimi mwenyewe ile ya Ghazali bado inanikuna kichwa ninapoendesha gari kwenda kazini. Ila iwe hoja uliyoipima mwenyewe, unayejua aliyeitoa, aliyeijibu na mahali inapochechemea, siyo iliyopigwa nakala mpaka haisomeki.

Ijumaa iliyopita Mzee wa Kanisa aliniuliza kama kawaida: ameshaokoka? Nikamwambia bado, lakini ana swali moja kwa kanisa, nami nimelibeba. Akakunja uso, akatoa kalamu, akasema niliseme. Nikalisema: yule mhubiri wa Nakuru, nani katika sisi sote tunaolitaja jina moja na yeye amewahi kumkemea hadharani? Pilau ilipoa. Mzee, kwa heshima yake, hakufungua mkoba kutafuta kijitabu kingine. Alisema tutalizungumza, na nina hakika tutalizungumza, kwa sababu safari hii ninayekagua ni mimi.

Wakristo wenzangu, wa Maskati, wa Mombasa na wa Moshi, someni Anselm, someni Aquinas, mkiweza msomeni na Ghazali. Lakini kabla ya kumthibitishia mtu kwamba Mungu yupo, rudisheni kwanza fedha za mama yake.